Neno “crick”: shingo ikikataa kugeuka, utasemaje kwa Kiingereza?

Nikisafiri usiku kutoka Nakuru kuja Kisumu, najua kabisa safari itaimalizia wapi shingo yangu. Salgaa bado niko macho nikihesabu malori. Londiani baridi inapenya dirishani, najikunyata ndani ya koti. Kufikia Kericho usingizi umenishinda, kichwa kimeegemea kioo, na kila gari linapolala kona shingo inalala nalo. Nazinduka Ahero kumekucha, makanga anauliza nani anashuka Nyamasaria. Nataka kumgeukia, shingo inakataa. Kulia inakwenda bila shida. Kushoto inafika mahali fulani, halafu kitu kama kamba kinavutwa kutoka chini ya sikio hadi juu ya bega, na jasho linanitoka. Basi nageuka mwili mzima, mabega na yote, kama kabati linalosogezwa.

Kiingereza kina neno dogo la hali hiyo hasa: “crick”. Shuleni sikulisikia hata siku moja, na wanafunzi wangu wengi hawalijui ingawa wanazungumza Kiingereza kizuri. Mimi hufanya kazi ya kunukuu sauti kwa wateja wa ng’ambo, yaani kusikiliza rekodi na kuandika kinachosemwa, na jioni nafundisha wauguzi wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya kwenda kufanya kazi nje. Kazi zote mbili zimenilazimisha kulijua neno hili ndani na nje. Ninachokuomba ni kulifuata taratibu, hatua kwa hatua, kwa sababu ni neno lenye mipaka. Ndani ya mipaka yake linafaa sana. Nje ya mipaka yake linaweza kumchelewesha mgonjwa.

Hatua ya kwanza: lijue kwa mwili kabla ya kamusi

“Crick” ni kukaza kwa ghafla kwa msuli wa shingo au wa mgongo, kunakoleta maumivu ukijaribu kugeuka. Mambo matatu lazima yawepo. Kwanza, limekuja ghafla: umelala mzima, umeamka hivyo, au umegeuka haraka kumwangalia aliyekuita. Pili, liko sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, si mwili wote. Tatu, ni shingo au mgongo. Mguu hauna “crick”. Mkono hauna “crick”.

Kwa upande wa shingo, msuli unaolaumiwa mara nyingi ni ule unaoanzia kwenye pingili nne za juu za shingo, kati ya pingili zote saba, na kushuka hadi kona ya juu ya mfupa wa bega. Kazi yake ni kuinua bega. Ukilala umekunja shingo kwa saa tatu, au ukabana simu kati ya sikio na bega huku unapima unga wa mteja, msuli huo hukaza na kukataa kulegea. Ndiyo maana maumivu yanachora mstari kutoka shingoni hadi begani. Kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku chache. Kitambaa cha maji ya moto na kuigeuza shingo polepole husaidia kuliko kuikausha kama mti.

Neno lenyewe ni la zamani. Liko katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 15, na asili yake haijulikani kwa hakika. Waingereza wazee hulitumia kila siku. Wamarekani pia wanalo, ingawa baadhi yao husema “kink” kwa maana hiyohiyo.

Hatua ya pili: sikio na ulimi

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Kiswahili kina irabu tano tu, na “i” yetu ni moja. Kiingereza kina mbili: ile ndefu ya “seat” na “sheep”, na ile fupi, iliyolegea, ya “sit” na “ship”. “Crick” ina ile fupi. Ukiitamka kwa “i” ya Kiswahili, ukaivuta, Mwingereza atasikia “creek”, yaani hori au kijito, kama wanavyoita Mida Creek kule Watamu. Na ukisema una kijito shingoni, atakutazama.

Namna ya kuipata: anza kutamka “i”, kisha legeza midomo na ushushe ulimi kidogo kuelekea “e” bila kufika, halafu ukate upesi kwa “k”. Usiweke irabu kati ya “k” na “r”, si “kiriki”. Na wale ambao “r” na “l” zinagombania ulimi mmoja, wajihadhari lisitoke “click”, ambayo ni sauti ya swichi. Naomba wanafunzi wangu waweke kiganja mbele ya mdomo na kusema “crick, creek, crick, creek” mara kumi. Darasa linacheka, lakini kufikia mara ya saba sauti mbili zimeshaachana.

Miaka michache iliyopita mteja mmoja alinitumia sauti ya mama mzee akieleza maisha yake. Mahali fulani anasema aliamka na kitu shingoni. Mimi nikaandika “a creek in my neck”, nikaituma, ikarudi na alama nyekundu. Nikajifunza. Wiki mbili baadaye nikapata sauti ya mzee Mmarekani akikumbuka alivyokuwa akivua samaki utotoni “in the crick”. Nikaandika “crick” kwa uhakika wote. Ikarudi tena! Sehemu fulani za Marekani “creek” hutamkwa “crick”, na mzee alikuwa akizungumzia mto.

Kwa hiyo sikio peke yake halitoshi. Tazama maneno ya jirani. Kama kuna shingo, mgongo, mto wa kulalia, kiti au safari, ni “crick”. Kama kuna maji, samaki, daraja au kuvuka, ni “creek”.

Hatua ya tatu: liweke kwenye fremu yake

“Crick” haipendi kutembea peke yake. Fremu yake ni hii: “a crick in my neck”, au “a crick in my back”. Ikariri kama kitu kimoja, kama unavyokariri namba ya simu, kwa sababu vipande vyake viwili vidogo ndivyo vinavyotuponyoka.

Kipande cha kwanza ni “a”. Kiswahili hakina kitu kama hicho. Tunasema “nina maumivu” na mambo yameisha. Ndiyo maana nasikia “I have crick”. Kwa Kiingereza “crick” ni kitu kinachohesabika, kimoja, kwa hiyo lazima “a” itangulie.

Kipande cha pili ni “in”. Sisi tuna “shingoni”, na hiyo “-ni” inabeba ndani, juu, kwenye na karibu na, yote pamoja. Mtu akitoka kwenye “shingoni” kwenda Kiingereza anachagua kwa kubahatisha, na mara nyingi anaangukia “on my neck”. Lakini “on” ni ya kitu kilicho juu ya ngozi: nzi, mkufu, upele. Msuli uko ndani. Ni “in”.

Baada ya hapo chagua kitenzi. Ukieleza hali ya sasa: “I’ve got a crick in my neck.” Ukieleza ilivyoanza: “I woke up with a crick in my neck.” Ukitaja kilicholeta, tumia “from” na kitenzi chenye “-ing”: “I got a crick in my neck from sleeping in the matatu.” Wengi wetu tungeandika “because of sleeping”; halina kosa la kukufelisha, ila “from” ndiyo anayoisema mzawa. Kitu nacho kinaweza kuwa mtenda: “This chair gives me a crick in the back”, yaani kiti hiki kinanikazisha mgongo. Na kuna ile ya kutazama juu mno. Anayetembeza wageni Kit Mikayi, pale kwenye yale mawe yaliyopandiana, anaweza kuwaambia: “You’ll get a crick in your neck looking up at it.” Wageni watatabasamu, kwa sababu ndivyo wanavyosema kwao.

“Crick” pia ni kitenzi, na hapo fremu inavunjwa: “She cricked her neck turning round too fast.” Aligeuka upesi, shingo ikamshika. Usiseme “my neck is cricking”, wala “my neck is crick”. Shingo yenyewe ni “stiff”, yaani imekaza. “Crick” ni kile kilichoingia ndani yake.

Hatua ya nne: litenganishe na ndugu zake

Wa kwanza na wa hatari zaidi ni “crack”, kwa sababu herufi moja tu ndiyo tofauti. “To crack your neck” ni kuiliza shingo, ile sauti ya “ka!” wanayoitoa vinyozi wetu mwisho wa masaji. Umenyolewa, umepakwa spiriti, unaambiwa ulegeze kichwa, na kabla hujajibu kimeshageuzwa kulia, “ka!”, kushoto, “ka!”. Naipinga desturi hii kwa moyo wote. Shingo ikigeuzwa kwa nguvu, mshipa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo unaweza kuchanika. Hutokea mara chache, lakini ikitokea mtu hupata kiharusi. Mwambie kinyozi kabla hajaanza: mabega sawa, shingo acha. Kwa Kiingereza basi, “he cracked my neck” ni kinyozi ameiliza shingo yako, na “I cricked my neck” ni wewe umejikazisha mwenyewe. Ya kwanza inaweza kuzaa ya pili.

“Cramp” ni ya mchezaji anayeanguka dakika ya 85 pale uwanja wa Mamboleo akishika shavu la mguu huku mwenzake anamsukumia vidole vya mguu kuelekea gotini. Msuli unajikunja kuwa donge, unauma vibaya sana, kisha unaachia baada ya dakika chache. Wamarekani wana jina lao la ile ya mguu, “charley horse”, lililotoka kwenye mchezo wa besiboli miaka ya 1880. “Crick” haiachii kwa dakika. Inakaa nawe siku mbili tatu, na haikuangushi chini.

“Sprain” ni kuteguka: kifundo cha mguu kimepinduka kwenye shimo, kimevimba. “Stitch” ni kile kichomi cha ubavuni ukikimbia umeshiba. “Sore” ni mwili kuuma baada ya siku nzima ya jembe, kila mahali kidogo kidogo. Na “stiff” ni neno mama, pana, linalofaa kiungo chochote kilichokaza kwa sababu yoyote. Ukisahau yote haya, “stiff” haitakuangusha.

Hatua ya tano: lirudishe kwa Kiswahili bila kuharibu

Wanafunzi wangu hutafsiri vizuri kwenda Kiingereza kuliko kurudi. Nikiwapa “I’ve got a crick in my neck” waiweke kwa Kiswahili, wawili au watatu huandika “nina shingo upande”. Wanaona shingo, wanaona imepinda upande mmoja, wanaridhika. Lakini kwetu kukubali jambo shingo upande ni kulikubali bila kupenda. Hakuna msuli hapo, ni moyo ndio uliogoma.

Wengine huandika “nina shingo ngumu”. Hapo pia wamejikwaa. Kila aliyekaa kanisani anakumbuka Mungu akimwambia Musa kwamba amewaona watu hawa, kuwa ni watu wenye shingo ngumu, katika Kutoka 32. Shingo ngumu ni ukaidi. Ukimwandikia daktari kwamba mama ana shingo ngumu, umemsema mama wa watu.

Kiswahili kimeijaza shingo tabia za mtu, ndiyo maana haikubali kutafsiriwa neno kwa neno. Tazama pia tofauti ya mjengo: Mwingereza humfanya mtu kuwa mwenye kitu, “I’ve got a crick”. Sisi tunaiachia shingo itende yenyewe. Shingo imekaza. Shingo imenishika. Shingo haigeuki. Nimelalia shingo vibaya. Kwa mgongo: nimeinama kuokota ndoo, mgongo ukanishika. Hizi ndizo tafsiri zinazonipendeza, na nyepesi kuliko zote ni “shingo imenishika”, maana inabeba ule ughafla. Mkalimani akiandika “nina mkazo wa shingo” hajakosea, ila hakuna mama wa soko la Kibuye anayesema hivyo.

Hatua ya sita: kulitumia mbele ya mgonjwa

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko, na tangu hapo kila jioni yangu ina muuguzi mmoja au wawili wanaojiandaa. Ninawaambia hivi: mgonjwa wako mzee atasema “crick”. Wewe umsikie, umwelewe, lakini kwenye faili usiandike hivyo. “Crick” ni neno la mazungumzo. Kwenye faili andika kilichoonekana: maumivu ya ghafla ya shingo, upande gani, inageuka kiasi gani.

Tunafanya mazoezi wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi:

“Morning, love. I’ve woken up with a crick in my neck.”

“I’m sorry to hear that. Which side is it?”

“The left. I can’t look over my shoulder.”

“Can you put your chin on your chest for me?”

“Yes, that’s all right.”

“Any fever or headache? Any numbness in your arms?”

“No, nothing. I think it’s these pillows.”

Muuguzi wa kweli hasikii “crick” akaishia hapo. Kila swali analouliza linahakikisha kwamba neno alilochagua mgonjwa ndilo linalostahili. Mkumbushe mgonjwa wako wa mazoezi pia asijibu kwa heshima ya kwetu. Wazee wetu wakiulizwa hali husema “nzuri tu, ni shingo kidogo” hata kama hawakulala usiku kucha. Kule muuguzi anakuandika ulivyosema.

Hatua ya saba: pale unapoliacha kabisa

Hii ndiyo hatua ninayoirudia hadi darasa linachoka. Ukisema “crick”, unamwambia msikilizaji kwamba jambo ni dogo. Neno hilo limeshabeba hukumu: alilala vibaya, litapita. Anayekusikiliza atapumua na kumwita mgonjwa mwingine kwanza.

Jirani yangu aliwahi kunipigia usiku nimsaidie kuzungumza na daktari mgeni. Mtoto wake wa miaka sita alikuwa na homa tangu mchana na shingo “imekaza”. Nilikaribia kusema “crick”. Lilikuwa mdomoni, neno nililojivunia. Kisha nikamuuliza: anaweza kuinamisha kichwa kidevu kiguse kifua? Akajaribu. Mtoto akalia, mgongo wote ukanyooka. Nikasema “stiff neck and fever”, na sauti ya yule daktari ikabadilika papo hapo.

Shingo ya “crick” hukataa kugeuka upande. Shingo ya homa ya uti wa mgongo hukataa kuinama mbele, na huja na homa, kichwa kuuma sana, kutapika, macho kukimbia mwanga, usingizi usio wa kawaida. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze kabisa. Tazama kukataa kunyonya, kulia kusikotulizika, utosi kuvimba. Huku kanda ya ziwa kila homa tunaiita malaria kwanza, na ni sawa kupima. Ila kipimo kikionyesha malaria na shingo haiinami, bado sema habari ya shingo. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Pepopunda nayo hukaza, mara nyingi taya ndilo linaloanza, baada ya kidonda cha msumari au jembe. Na aliyeanguka kwenye bodaboda asiambiwe ana “crick” hata kama anatembea na kucheka. Asigeuzwe shingo mpaka aangaliwe. Vilevile shingo inayouma pamoja na mkono kufa ganzi au kukosa nguvu.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo mbele ya mhudumu anayezungumza Kiingereza, acha maneno mazuri yote. Sema mojawapo ya hizi, polepole, na uirudie:

“She has a fever and she can’t bend her neck forward.”

“His jaw is tight and he can’t open his mouth. He stepped on a nail.”

“He fell off a motorbike and his neck hurts.”

Ukishaisema, usirudi kwenye benchi. Simama palepale mezani mpaka mtu atoke kuja kumwangalia mgonjwa.